Sekunde Kumi na Moja

Mimi naitwa Wabuge, nina miaka arobaini na saba, na nimebeba watu kwa pikipiki hapa Eldoret tangu petroli ikiwa chini ya shilingi mia. Nimebeba mama wa kujifungua, nimebeba mbuzi, nimebeba kioo cha kabati kutoka mjini hadi Kaptagat na kikafika kizima. Lakini abiria aliyeninyima usingizi ni mmoja tu, na hata hakuwa mzito. Kilo hamsini na kitu hivi, pamoja na mkoba wake.

Anaitwa Ayoo. Kwao ni upande wa ziwani, Siaya, na jina lake hupewa mtoto aliyezaliwa njiani. Siku ya kwanza nilimwambia, basi Mungu alishaandika kwamba utakula kwa barabara. Hakucheka. Alisema tu, "Baba Marvin, punguza mwendo kwa matuta." Marvin ni kijana wangu wa kwanza, na hivyo ndivyo aliniita muda wote ule, kwa heshima, hata siku nilizomkasirisha. Mimi nilimwita Madam, kwa sababu alikuwa na mambo ya kimadam: kitambaa cha kupangusa kiti kabla hajakalia, mwavuli hata kama mbingu ni safi, na kalamu tatu kwa mfuko wa shati. Anaishi Langas, chumba kimoja, pamoja na mama yake mzazi anayeugua sukari na ambaye kila wiki lazima dawa yake inunuliwe. Hiyo dawa usiisahau. Mtu akikuhadithia alichofanya mwenzake bila kukuambia mwenzake alikuwa anaogopa nini, huyo amekudanganya nusu.

Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali. Kuna ofisi ilitoka Nairobi ikaandika watu sita hapa mjini kwa miezi mitatu, wazunguke vijijini wakiuliza wananchi vile wanatumia pesa ya simu. Siyo wananchi wote. Walitaka wale wanyonge: wazee, wajane, wasiojua kusoma, wenye macho mabovu. Walitaka kujua ni wapi hao watu hukwama, na wakikwama ni nani huwasaidia. Hayo maneno ya mwisho yalikuwa yameandikwa kwa karatasi ambayo Ayoo alimsomea kila mtu kabla ya kuanza, na mimi niliyasikia mara nyingi hadi ningeweza kuyasema nikiwa usingizini: "Tunataka kujua ni nani hukusaidia."

Na alikuwa anajua kazi, huyo msichana. Nasema msichana lakini ana thelathini na mbili. Alikuwa anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akipewa chai anamaliza, hata kama ina moshi. Alikuwa na sauti ya polepole, sauti inayokaa karibu na wewe, mpaka wazee walikuwa wanamwambia mambo ambayo hawakuwa wamewaambia watoto wao. Mzee mmoja huko Cheptiret alimwambia amekuwa akificha pesa kwa laini ya pili ili kanisa lisijue. Mimi nilikuwa nje nikisikiliza, nikashika tumbo kwa kicheko. Ayoo aliandika tu, uso umenyooka.

Huo uso ulikuwa wa kufundishwa. Kabla ya kuanza kazi waliwekwa kwa hoteli siku nne, mkubwa wao anaitwa Cyril akiwafundisha. "Wewe ni dirisha," aliwaambia. "Watu wanaangalia kupitia kwako. Dirisha halimshauri mtu." Walikatazwa kutikisa kichwa. Walikatazwa kusema vizuri au vibaya. Na kwa kila mahojiano kulikuwa na sehemu ambayo mwenye nyumba anashika simu yake na kuonyesha vile hutumia, huku wao wakiangalia na simu kubwa ya ofisi ikirekodi sauti. Hapo mtu akikwama, akiuliza nifanye nini sasa, jibu ni moja, na walilikariri kama watoto wa nasari: Fanya vile huwa unafanya.

Wiki ya pili tu, mwenzao mmoja, Maurice, alimwambia mzee mmoja afunike namba yake ya siri kwa mkono. Jambo dogo namna hiyo. Rekodi ikasikilizwa Nairobi, na kabla ya siku mbili kuisha Maurice alikuwa amerudi kwao. Ayoo alinihadithia tukiwa barabarani, upepo ukimkata maneno. Alisema, "Baba Marvin, mimi siwezi kupoteza hii kazi." Nikamwambia, basi kuwa dirisha. Ndiyo, mimi ndiye nilimwambia hivyo, na ninaiandika hapa ili isibebwe na mtu mmoja.

Nyumba ya Mama Waiyego iko Kapseret, ukipita njia panda ya uwanja wa ndege unaingia kushoto kwa barabara ya udongo. Ni mjane wa miaka sabini na moja. Mzee wake alikuja kutoka Nyeri zamani akafungua duka, na mama akabaki hapo hata baada ya mzee kufariki, hata baada ya ule mwaka wa fujo za uchaguzi wakati duka lilichomwa na yeye akalala kanisani wiki tatu. Alirudi akajenga tena, nyumba ya mbao, akafuga ng'ombe. Majirani waliomficha na majirani waliokaa kimya, wote anawauzia maziwa mpaka leo. Jicho la kushoto lilikufa kitambo. La kulia lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho, weupe kama maziwa yaliyoganda, lakini daktari mjini alikuwa amemwambia hilo linaweza kuokolewa. Mama aliuza mtamba wake. Mnunuzi alituma pesa kwa simu, shilingi elfu thelathini na nane, na tarehe ya upasuaji ilikuwa imeandikwa kwa kadi: wiki ya pili ya Machi.

Tulifika siku ya Jumanne, mwisho wa Februari, saa nne asubuhi. Aliposikia pikipiki alitoka akishikilia ukuta. "Karibuni," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Aliisema vile watu huisema, bila kufikiria. Ayoo akavua viatu. Mimi nikapewa nduma na kikombe cha chai, nikakaa kwa ngazi ya mlango, nikaanza kutoa tope kwa mnyororo wa pikipiki. Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia kila kitu, na bado sikusikia chochote, kwa sababu nilikuwa nafikiria mambo ya mnyororo.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, na hii siisemi kwa kukumbuka tu. Nimeisikia kwa rekodi.

Mama alikuwa amefika ile sehemu ya kuonyesha simu. Ana kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, na alikuwa anavihesabu kwa kidole gumba, kwa sababu haoni maandishi. Anamweleza Ayoo, hapa nabonyeza moja, hapa tena moja, hivi ndivyo mtoto wangu Gichuru alinionyesha. Kisha simu ikalia mkononi mwake. Akashika. Ilikuwa sauti ya kijana, ya adabu sana. Ayoo alisikia kwa sababu mama anaongea na spika ikiwa wazi. Kijana alisema anapiga kutoka kwa kampuni ya simu, laini ya mama iko na hitilafu, na pesa zake zitapotea leo kama hazitahamishwa kwa namba ya usalama. Zihamishe sasa, mama, zitarudi baada ya dakika tano. Akamsomea namba. Mama akabonyeza tarakimu moja moja, akisema, "Ndiyo, mwanangu. Ngoja, mwanangu."

Simu ikauliza kama ana uhakika. Unajua vile huwa: inakuletea jina la unayemtumia kabla ya mwisho. Mama hawezi kusoma jina. Akageuza simu, akaipeleka mbele ya uso wa Ayoo, akauliza, "Mami, nibonyeze hapa? Ni sawa?"

Ayoo alisoma. Halikuwa jina la kampuni. Lilikuwa jina la mtu, jina lake na la baba yake, kama la mtu yeyote unayeweza kusoma naye shule.

Kwa rekodi hapo kuna kimya. Unasikia jogoo. Unasikia mimi nikigonga mnyororo na bisibisi. Unasikia yule kijana ndani ya simu akipumua. Kisha unasikia ile sauti ya polepole, inayokaa karibu na wewe: "Fanya vile huwa unafanya, Mama."

Mama akabonyeza.

Mahojiano yaliendelea. Hapo ndipo watu wengi nikiwahadithia huniuliza, yaani aliendelea? Aliendelea. Ulikuwa umebaki ukurasa mmoja na nusu. Swali la hamsini na mbili linasema: Je, unajua jinsi ya kurudisha pesa ukituma kimakosa? Mama akasema, "Hapana, mami, hata sijui kama inawezekana." Ilikuwa bado inawezekana. Zilikuwa zimepita dakika ishirini, na Ayoo alijua namba ya kupiga, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa mwongozo wake kama jibu sahihi. Akaandika hapana. Akamshukuru. Akamtumia shilingi mia tatu za shukrani, na mama akatusindikiza mpaka kwa lango akituombea barabara.

Karibu kilomita mbili mbele aliniambia nisimame. Akashuka, akasimama kando ya shamba la watu, mgongo kwangu. Nilifikiria anatafuta mahali pa kujisaidia, nikaangalia upande mwingine. Aliporudi alisema, "Twende." Hiyo tu.

Baada ya siku tatu nilikuwa kwa steji ya njia panda nikisikia vijana wakiongea: kuna mama Mkikuyu wa huku ndani amemalizwa na wezi wa simu, pesa ya macho yote. Nilimpelekea Ayoo hiyo habari kama habari. Nilimwambia, Madam, unakumbuka yule mama wa nduma? Wamemkula.

"Najua," akasema.

"Umejuaje?"

Alitoa kitambaa chake akapangusa kiti, akapanda. Mimi nina mdomo, kila mtu wa Langas atakuambia, lakini siku hiyo niliona ni heri nipige pikipiki teke iwake.

Mkataba uliisha mwezi wa tatu, lakini wakamwongezea kazi ya kuandika rekodi zote neno kwa neno. Alilipwa kwa kila saa ya sauti. Alikuwa anakaa kwa kibanda cha chai cha Chepngetich hapo karibu na kwake, mahali kuna stima ya uhakika, spika ndogo za kusikilizia zimeziba masikio, akiandika toka asubuhi. Na sheria ya kuandika ni kwamba kila kitu kinaandikwa. Mtu akikohoa unaandika amekohoa. Mtu akinyamaza zaidi ya sekunde tatu, unapima, unaandika kimya na idadi ya sekunde. Alipofika kwa Mama Waiyego alipima hicho kimya mara ya kwanza akapata kumi na moja. Akarudia, akitumaini ni pungufu. Kumi na moja. Aliniambia alirudia kwa siku nne.

Ndipo akaanza kuharibika. Kwanza niliona kwa vitu vidogo. Nikimuuliza tupitie barabara gani, alikuwa ananyamaza, halafu anashtuka, anasema haraka haraka, "Pitia hapo, hapo kuna lami," kama mtu anayekimbizwa. Mama yake alinieleza kwamba akimwomba amsaidie kufungua chupa ya dawa, Ayoo anaruka kabla hajamaliza sentensi. Chakula kinabaki kwa sahani. Kanisani aliacha kuimba, akasema wakati mwalimu wa kwaya anainua mkono na watu wote wananyamaza wakingoja kuanza, yeye huanza kuhesabu. Chepngetich, ambaye hana subira na mtu, alimwambia aende akaombewe, hiyo si kitu ya kawaida.

Mimi nilimwambia kitu kibaya zaidi. Nilimwambia asahau. Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, mwizi ni yule aliyepiga simu, wewe ulikuwa kazini. Tulikuwa kwa hicho kibanda, mchana wa jua kali. Alichomoa spika moja akanipatia, akasema, "Sikiliza."

Nikasikiliza. Nilisikia jogoo, nikasikia bisibisi yangu. Sijui kama umewahi kujisikia ukiwa mahali ambapo ungeweza kuinuka ukafanya kitu. Ng'a, ng'a, ng'a, mpumbavu anatoa tope. Nilirudisha spika. Chai yangu sikuimaliza, na Chepngetich bado ananidai hiyo chai kwa sababu niliondoka bila kulipa.

Agosti ripoti ikatolewa, kwa hoteli ya mjini. Waliouliza maswali walialikwa wakae nyuma. Ayoo alienda na shati lake la kalamu tatu. Cyril akasimama mbele akaonyesha picha na namba, halafu akasema kuna jambo moja lililomgusa moyo. Ukutani kukatokea maandishi makubwa: Mhojiwa namba arobaini na moja, mwanamke, Kapseret. Alisita kwa sekunde kumi na moja kabla ya kuthibitisha muamala wa ulaghai. Cyril akaeleza kwamba hizo sekunde ni dhahabu, kwamba zinaonyesha mzee ana shaka ndani yake lakini hana mtu wa kumuuliza. Watu wakaandika. Mama mmoja wa shirika fulani akafuta machozi.

Hana mtu wa kumuuliza. Ayoo alinisimulia hayo akiwa amesimama nje ya hoteli. "Wamempatia yeye kimya changu," akasema. "Baba Marvin, nipeleke Kapseret."

Kulikuwa na karatasi aliyotia sahihi kwamba hatarudi kwa nyumba ya mtu yeyote aliyehojiwa. Lakini mimi sikutia sahihi karatasi ya mtu, na njia naijua. Tukaenda. Tulipofika njia panda ya uwanja wa ndege akanigonga bega, akasema turudi. Tukarudi. Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Mara ya tatu alikuwa na bahasha, shilingi elfu tisa, alizozitoa sijui wapi na dawa ya mama yake bado inanunuliwa. Njiani alinieleza mpango wake. Atasema ofisi imetuma shukrani ya ziada kwa wale waliokubali kuhojiwa. Atampa, ataondoka, na kila mwisho wa mwezi atatuma kidogo mpaka elfu thelathini na nane zitimie. Hatasema lingine. Nilimuuliza, na kama atakuuliza kuhusu ile siku? Akanyamaza. Safari hii hakushtuka.

Mama Waiyego alikuwa amekaa nje kwa kiti, uso ameuelekeza kwenye jua. Ndiyo ilikuwa kazi ya jicho lake sasa, kujua jua liko wapi. Tarehe ya Machi ilipita bila pesa, na kufikia Juni, vijana wa steji walituambia, alikuwa haoni tena hata mkono wake. Gichuru, kijana wake, alikuwa anakata nyasi ya ng'ombe. Alipoona pikipiki alikuja na panga mkononi, si kwa ubaya, ni vile tu alikuwa nayo, lakini hakuiweka chini.

"Nyinyi ndio mlikuja siku ile," akasema.

"Ni sisi," nikajibu.

"Na mnarudi kufanya nini? Mlikuwa mnamhesabia mama pesa zake, halafu siku hiyo hiyo zikaenda. Nilitaka kuenda kwa polisi. Ni yeye alinikataza."

"Gichuru," mama akaita. "Nani huyo?"

Ayoo akasema, "Ni mimi, Mama. Shikamoo."

Huku kwetu watu hawaamkiani hivyo sana. Nafikiri alishindwa kupata salamu nyingine. Lakini ile sauti mama aliijua papo hapo, na uso wake ukafunguka. Alinyoosha mikono hewani akimtafuta, na Ayoo ikabidi apige magoti ili ashikwe.

"Ni yule msichana," mama akasema. "Gichuru, weka hiyo kitu chini. Nilikuambia nini? Nilikuambia atarudi kuniona. Mwizi harudi." Akawa anampapasa kichwa, mabega. "Umekonda, mami. Hawa watu walikuwa wanasema ulikuwa pamoja na wezi. Nikawaambia hapana. Huyo msichana alikuwa amekaa hapo na karatasi zake, hakuona simu yangu. Nilimwonyesha, lakini hakuona vizuri, labda jua lilikuwa kwa kioo. Angeona, angeniambia. Nimeapa hivyo mbele ya pasta."

Bahasha ilikuwa mkononi mwa Ayoo. Niliiona ikikunjika. Nilijisemea moyoni, mpe sasa, Madam, mpe twende, huyu mama amekufungulia mlango upite. Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyofikiria. Ilikuwa rahisi. Mama alikuwa ameridhika, Gichuru alikuwa ameshusha panga, na kilichobaki ni neno la shukrani na barabara. Kama angenyamaza mara moja tena, angekuwa mtu mzuri katika hiyo nyumba mpaka mwisho.

"Niliona, Mama," Ayoo akasema.

"Uliona nini?"

"Nilisoma jina. Halikuwa jina la kampuni. Nilijua ni wezi. Uliniuliza kama ni sawa, na mimi nilijua si sawa. Niliogopa kazi. Hata baadaye kulikuwa na namba ya kupiga, pesa ingerudi, na sikukuambia."

Alisema yote bila kuvuta pumzi, na bila kulia, na hilo namheshimia mpaka leo. Mikono ya mama ilikuwa bado kwa mabega yake. Haikuondoka upesi. Iliondoka polepole, mmoja kwanza, halafu mwingine, na mama akaiweka kwa mapaja yake kama vitu vya mtu mwingine alivyopewa ashike.

Kimya. Ng'ombe alikuwa anacheua. Ndege kubwa ilipaa kutoka uwanjani, ikatupita juu, sauti ikaisha, na bado mama hakuwa amesema kitu. Gichuru alimwangalia mama yake, kisha akaniangalia mimi, kama kwamba mimi ndiye mwenye jibu.

Ayoo akashindwa kuvumilia. "Mama, niambie," akasema. "Nifanye nini sasa?"

Mama Waiyego aligeuza uso wake kwa jua tena. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo haikuwa kwa sauti. Alisema taratibu tu, vile angemwelekeza mtu njia.

"Fanya vile huwa unafanya."

Ayoo aliweka bahasha chini karibu na mguu wa kiti. Gichuru aliiokota akairudisha kwa mkoba wa Ayoo, bila maneno, akaenda kwa nyasi yake. Tukaondoka. Hakuna aliyetusindikiza kwa lango.

Tulipofika njia panda alinigonga bega. Nilifikiria anataka turudi. Alisogea karibu na sikio langu, kwa sababu ya upepo, akaniuliza mama alinyamaza kwa muda gani.

Nilimwambia sikuhesabu. Nilidanganya. Nilikuwa nimehesabu hadi mia moja na arobaini, ndipo ndege ikanipotezea hesabu.